Madam na Mawazo Yanayorudi

Kila kitu kipya kilichoingia soko letu la Rodi Kopany, kiwe simu, kiwe programu, kiwe kijana wa mauzo mwenye tai na begi la mgongoni, Madam alikipokea kwa swali moja: "Nani amerudi?" Hakuuliza kinafanya nini. Hakuuliza bei, ingawa hakuna mtu sokoni aliyependa kushusha bei kumshinda. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa leso, akaivaa tena, kisha akasema, "Ngoja. Huyu namjua. Nimesahau tu jina lake."

Tulimwita Madam, na soko zima likamwita hivyo, kuanzia mama wa viazi hadi chifu. Jina lake kamili lilikuwa kwenye cheti kilichotundikwa ukutani mwa chuo chake cha kompyuta. Sitaliandika hapa, maana namjua: angetaka kwanza aelezwe nani amenipa ruhusa. Nasema chuo kwa heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda kwenye ngazi ikakaa nasi siku nzima. Wenye midomo mirefu walituita wanafunzi wa kupe. Wengi wao leo wanatuletea simu zao tuwatengenezee, na tunawatengenezea, ingawa si kwa haraka.

Lakini niseme jambo moja mapema, msomaji asije akadhani namchora mtu wa mzaha tu. Madam alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho. Ulianza kabla sijajiunga na chuo chake, na daktari alikwisha kumwambia kwamba dawa itauchelewesha lakini haitaufukuza. Giza lenyewe hakulijali sana. Alichoogopa ni kuacha kufundisha, kwa sababu hakujua kufanya kitu kingine, na hakutaka kujua. Vituko vyake vyote nitakavyosimulia, alivifanya akijua kwamba kioo cha kompyuta mbele yake kinazidi kufifia mwaka baada ya mwaka.

Sasa turudi kwenye lile swali. Kwetu sisi Wajaluo, mtoto mchanga akilia bila kukoma, amenyonya na halii njaa, amepimwa na hana homa, bibi zake huketi wakaanza kutaja majina ya marehemu wa ukoo. Wanataja moja, wanangoja. Wanataja jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo jina lake, maana yule marehemu amerudi na alikuwa anataka atambuliwe. Madam alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likishuka alizima mitambo yote, na Jumamosi hata simu hakuigusa. Kwa hiyo alisema wazi kwamba hayo ya watoto haamini. Kwa kompyuta aliyaamini yote, bila kupunguza hata chembe.

"Hakuna mtoto anakuja duniani peke yake," alituambia. "Hata hii programu mnaona ni mpya, iko na nyanya yake mahali. Mkimjua nyanya, mjukuu hatawasumbua."

Nyanya wa kwanza aliyemfahamu alikutana naye kwenye kiwanda kimoja cha sukari upande wa Migori, alikoajiriwa akiwa msichana. Kulikuwa na mtambo mmoja mkubwa uliofungiwa katika chumba cha baridi. Madam na wenzake waliketi chumba kingine mbele ya vioo vyenye herufi za kijani, wakiandika uzito wa miwa. Vile vioo vyenyewe havikuwa na akili. Ukibonyeza, neno linakwenda kwa mkubwa, mkubwa anafikiri, jibu linarudi. Joto likizidi, wasichana walitafuta sababu yoyote ya kuingia kwenye chumba cha baridi, na Madam alikiri kwamba aliwahi kusema uongo kuwa mtambo unanukia moshi ili tu akasimame humo kidogo.

Baadaye zikaja kompyuta za mezani, kila mtu na yake, kila moja na akili yake. Watu wakasema mtambo mkubwa umekufa. Madam alihudhuria mazishi hayo, kwa maneno yake, lakini hakulia. Na alipokuja kijana wa mauzo kutuelezea kwamba sasa kazi zote zitawekwa kwenye wingu, kwamba hatuhitaji mashine zenye nguvu kwa sababu kufikiri kutafanyika mbali, Madam alimsikiliza hadi mwisho huku akitabasamu.

"Hiyo wingu," akauliza, "iko kwa chumba baridi?"

"Ndiyo Madam. Zinawekwa baridi sana, zisichomeke."

"Na chumba iko na kufuli?"

"Kufuli mingi sana."

Madam akapiga makofi. "Amerudi! Mkubwa wetu amerudi, na amenona!" Kijana hakuelewa, lakini alifurahi, hasa Madam alipokuwa mtu wa kwanza Rodi nzima kujiunga. Huyo ndiye Madam. Alihubiri kwamba hakuna jipya chini ya jua, na hakuna kipya kilichompita kabla hajakinunua.

Kuna mzee mmoja wa kanisa ambaye binti yake alisoma nasi. Binti alikwenda nyumbani akasema mwalimu anafundisha kwamba wafu wanarudi. Mzee akapanda ngazi zetu mchana wa jua kali, amevaa koti, uso umekunjamana.

"Madam, tumesikia unafundisha watoto mambo ya mapepo."

"Mzee, mimi nafundisha kompyuta."

"Msichana wangu amesema ati wafu wanarudi."

"Wanarudi, Mzee, lakini si watu. Ni mawazo ya watu. Hebu nipe simu yako."

Mzee alikuwa na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Madam akamwambia apige nyota na tarakimu zake, kama anavyofanya kila siku akitaka kutuma pesa. Yakatokea maandishi: chagua moja, chagua mbili. Akamweleza kwamba simu yenyewe haijui chochote, inauliza mkubwa aliye mbali na kungoja jibu, vilevile kama kioo cha kijani cha kiwandani. "Hii umeshika mkononi," alisema, "ni dada yangu wa kazi. Tulikuwa tunakaa meza moja." Mzee alicheka hadi akavua koti. Tangu siku hiyo, akitaka kutuma pesa mbele ya watu, alisema anamwamkia dada wa Madam.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha kompyuta iliyolia. Madam alikuwa amenunua mashine kuukuu kutoka Nairobi. Tukaipanga, tukaiunganisha, tukaiwasha, nayo ikaanza: pii, pii, pii, bila kupumua.

"Madam, inalia!" tukapiga kelele.

"Si mnasikia inalia? Iteni majina!"

Nadhani alikusudia mzaha. Lakini sisi tulizaliwa na kulelewa huku, na mtoto akilia tunajua la kufanya. Darasa zima likasimama likaizunguka ile mashine na kuanza kutaja mababu wa kompyuta kwa zamu, kila mmoja jina moja, kisha kimya tusikilize. "Redio!" Pii, pii. "Kikokotoo!" Pii, pii. "Simu ya upepo!" Pii. Mvulana mmoja akasema "Posta!" tukamzomea, ingawa sasa nikifikiria barua pepe naona tulimwonea. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Taipureta!"

Ikanyamaza.

Sijawahi kushangiliwa vile tena maishani, hata siku ya harusi yangu. Wenzangu walinibeba. Tulipotulia ndipo tukamwona msichana wa mstari wa mbele akiwa ameshika kitabu chake cha nyimbo, uso umejaa aibu. Kumbe muda wote kitabu kilikuwa kimelalia vitufe, na ndicho kilichoiliza mashine. Alikiinua wakati uleule nilipotaja taipureta. Tukamgeukia Madam tuone atasema nini.

"Mtoto amenyamaza," akasema. "Nani anataka kubishana na mtoto?"

Somo la siku hiyo likawa la taipureta. Alituonyesha kwamba mpangilio wa herufi tunaoulaani kila siku tumeurithi huko, na kwamba kile kitufe kikubwa cha kuanza mstari mpya kinafanya kazi ya mkono wa chuma uliorudisha karatasi mwanzo. Ile mashine iliitwa Taipureta hadi ilipokufa kweli.

Mtu akiniuliza Madam alinifundisha nini hasa, sisemi kuandika wala kupanga mahesabu. Nasema alinifundisha kutoogopa. Nafanya kazi ya kutunza mitambo ya hospitali moja Migori mjini, na kila mara wanatuletea mfumo mpya wenye jina la kutisha. Wenzangu hushika vichwa. Mimi humtafuta nyanya yake kimyakimya, na mara nyingi nampata kabla chai haijapoa.

Usidhani alikuwa mtu wa kuabudu ya kale. Methali isemayo "ya kale ni dhahabu" ilimkera kabisa. "Dhahabu iko Nyatike," alisema, "mwende huko na sururu." Kitu kikirudi kilitakiwa kifanye kazi kuliko kilivyofanya kabla ya kufa, la sivyo alikirudisha kaburini. "Jina ni la babu," ndivyo alivyozoea kusema, "lakini miguu ni ya mtoto." Aliwacheka vijana waliodhani wamevumbua kila kitu, na aliwacheka zaidi wazee wenzake waliosema kila kitu kimekwisha kuvumbuliwa.

Na alikosea pia, tena vibaya. Simu za kupapasa kioo zilipoingia, aliuliza nani amerudi, akangoja, akakosa jina. Alizunguka na swali hilo kwa muda mrefu. Mwisho akatangaza kwamba kitu kisicho na babu hakiishi, akanunua katoni nzima ya simu za vitufe akijua bei itapanda watu wakirudi wakilia. Hawakurudi. Katoni ile iliwekewa kitambaa na chungu cha maua juu yake, ikawa meza. Kisha siku moja, akipita karibu na shule ya chekechea, aliona watoto wameinama wanaandika a, e, i, o, u mchangani kwa kidole. Alisimama barabarani, pikipiki zikimpigia honi. "Kumbe ni sisi!" alituambia aliporudi, akihema. "Kidole na mchanga! Jameni, hata mimi niliandika hivyo!" Jioni hiyo akanunua simu ya kioo.

Hofu yake nyingine ilikuwa radi. Huku kwetu mvua ya ziwa haicheki na mtu, na Madam, aliyeweza kufungua kompyuta na kuigusa matumbo, alipiga mayowe kwa ngurumo ya kwanza. Tulichomoa kila waya ukutani, kisha tukaketi katikati ya chumba tumeinua miguu kwenye viti. Aliendelea kufundisha katika hali hiyo. Tulijifunza mengi tukiwa tumekunja magoti.

Halafu kuna Remba. Muuguzi wa zahanati ya kisiwa kile alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Madam. Remba watu wamebanana hadi mlango wa mtu ni ukuta wa mwenzake, lakini mtandao ulikuja ulipotaka. Watoto walichanjwa na taarifa hazikufika bara. Madam akamwambia muuguzi aandike kila kitu kwenye mashine yake mwenyewe asingoje mtandao, na boti ikivuka kwenda Mbita, ampe nahodha flashi. Nahodha, mtu mwangalifu sana, akaogopa maji. Akaizika ile flashi katikati ya gunia la omena, dagaa wa ziwani, waliokauka, kwa hoja kwamba maji yakifika pale basi yeye mwenyewe atakuwa amekwisha kuzama. Taarifa zilifika chuoni kwetu salama, tukazituma. Chumba chetu kilinuka omena juma zima, na paka wa duka la chini akahamia kwetu, akalala juu ya kompyuta tuliyochomekea ile flashi, asitake kuondoka.

Miaka ikapita, wakaja vijana wawili wa programu kutoka Homa Bay mjini. Walikuwa wametengeneza kitu kizuri: muuguzi anajaza kwenye simu hata pasipo mtandao, simu inahifadhi, mtandao ukirudi inatuma yenyewe. Madam aliwasikiliza kwa heshima.

"Nzuri sana," akasema. "Na boti iko wapi?"

Vijana wakatazamana. "Boti gani, Madam?"

"Boti ya omena."

Aliwaagizia soda akawasimulia, nao wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Nasikia mpaka leo, katika ofisi yao, taarifa inayongoja mtandao husemwa iko botini. Madam alijivunia hilo kuliko cheti chake cha ukutani.

Nimwendee sasa Madam wa karai. Mwanafunzi mpya akiingia, kitu cha kwanza alichonyang'anywa ni mausi, kile kipanya cha kubofyea. Madam alizikusanya zote kwenye karai la kufulia, akalifunika kwa taulo, akaliweka juu ya kabati. Miezi ya kwanza ilikuwa vitufe vitupu. Alitaka tuamuru mashine kwa maneno, tuandike mstari, tungoje ijibu, tuandike mwingine. "Kuonyesha na kidole ni ya watoto," alisema. "Picha zitapita. Maneno yatarudi." Tulinung'unika. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chuo kingine kilichompa kila mtu mausi siku ya kwanza, na bango kubwa la kutangaza hivyo. Wengine walituhama. Nami niliwahi kufika hadi mlangoni pao, nikarudi kwa sababu karo ya kwetu ilikuwa imeshalipwa na mama yangu hakuwa mtu wa kuelezwa mambo kama hayo.

Wakati huo nilidhani ni ukaidi. Sijui hadi leo kama alikuwa anatuandaa sisi au anajiandaa mwenyewe. Nilipomuuliza alisema, "Yote mbili, kwani kuna shida?"

Maneno yalirudi kweli. Nilikuwa nimeshaanza kazi Migori nilipompelekea ile programu ya simu inayozungumza na mtu, unaiuliza kwa maandishi inakujibu kama jirani. Aliishika simu karibu na pua, maana macho yalikuwa yamekwenda sana. Hakuhitaji hata kufikiri.

"Huyu ni yule mwongo wa Nairobi!"

Ndipo akanisimulia kwamba alipokwenda Nairobi kwa mafunzo, akiwa mgeni asiye na rafiki, mkufunzi aliwawekea programu ya zamani ya mazungumzo. Madam aliandika kwamba amechoka. Ikamwuliza kwa nini amechoka. Akaandika kwamba amemkosa mama yake. Ikamwambia, nieleze zaidi kuhusu mama yako. Madam alilia mbele ya darasa zima la watu asiowajua. Kisha mkufunzi akawaonyesha kwamba haikuelewa kitu, ilikuwa inageuza maneno ya mtu na kumrudishia. Alikasirika siku mbili tatu, halafu akacheka, halafu akaenda kuandika na ile programu tena wakati wenzake wako chakulani.

Akaiuliza hii mpya habari za Rodi Kopany. Ikamsifia Rodi vizuri sana, pamoja na ufuo wake mzuri wa mchanga. Rodi iko bara, ziwa liko mbali, na ufuo pekee tulionao ni wa matope ya mvua. Madam alicheka hadi akaketi kwenye ngazi.

"Babu yake alikuwa anarudisha maneno yangu peke yangu," akasema akijifuta machozi. "Huyu anarudisha maneno ya dunia mzima, mpaka ya wale hawajawahi kanyaga Rodi." Lakini hakunirudishia simu. Aliendelea kuiuliza mambo hadi betri ikaisha.

Chuo alikifunga muda mfupi baadaye. Sababu haikuwa chuo cha ng'ambo ya barabara wala karo. Siku moja msichana mmoja aliinua mkono tangu mwanzo wa somo hadi mwisho, akitaka kuuliza, na Madam hakumwona. Msichana akadhani amepuuzwa makusudi, akaenda kulia kwa muuza dawa wa chini. Muuza dawa ndiye aliyepanda kumwambia Madam. Nilifika siku ya tatu nikamkuta ameketi kwenye ngazi, mlango nyuma yake umefungwa kwa kufuli.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "mkono ulikuwa hapo juu saa yote. Mimi naogopa."

Hakuwa amewahi kuniambia neno hilo. Nilishika mkono wake tukakaa pale hadi mwenye duka alipotaka kufunga, na nilipanda gari la kurudi Migori nikiwa na uchungu kama wa msiba.

Mume wake ni Mkuria wa Kegonga, mkulima mrefu asiyeongea sana, aliyekuwa akimtembelea Rodi kila wiki na ndizi mkungu mzima miaka yote ya chuo. Sasa alikuja na pikapu, akachukua kompyuta zilizosalia pamoja na lile karai, akampeleka mkewe nyumbani. Tulipigiana simu. Madam alisema hajambo, mahindi yako vizuri, Mungu ni mwema. Yalikuwa maneno ya mtu mwingine kabisa. Nilimwomba nimtembelee, akasema barabara ni mbaya. Nikaelewa kwamba hataki kuonekana, na kwa kweli sikuwa na haraka ya kumwona hivyo.

Mwaka huu kazi ikanipeleka Kegonga, kwenye zahanati, na sikuwa tena na pa kujificha. Nikanunua sukari, mkate na majani ya chai. Nilimkuta mume wake kwenye njia ya nyumbani, jembe begani. Akapokea mzigo, akanitazama viatu.

"Utembee polepole," akasema. "Wako darasani."

"Nani wako darasani, Baba?"

"Wewe ingia."

Kando ya nyumba kulikuwa na ghala la mahindi. Nilisukuma mlango. Ndani, watu kama kumi walikuwa wameketi mbele ya kompyuta, na vioo vyote vilikuwa vyeusi. Nikadhani stima imepotea. Lakini vidole vilikuwa vinakwenda, na kila mmoja alikuwa na waya masikioni. Madam alitembea katikati yao, mkono wake ukipita juu ya migongo ya viti, waya mmoja umening'inia sikioni mwake. Miwani hakuvaa. Nikamwamkia kwa Dholuo.

"Nyar Rodi!" akasema, yaani binti wa Rodi. "Umenona, nimesikia hatua. Keti hapo mwisho, hiyo mashine haina mtu."

Nilimuuliza kwa nini vioo vimezimwa. Akaniambia kwamba amepata programu ya kumsomea kila kinachoandikwa, mstari kwa mstari, kwa sauti ya bati isiyojua kutamka Kegonga. Anaongea nayo kwa vitufe na inamjibu kwa maneno, na vitufe vidole vyake havijawahi kusahau.

"Nikaanza darasa, vioo vikiwaka," alisema. "Wakawa wananiambia, Madam, ni hapa? Madam, nibonyeze hii? Sasa hapa ni wapi? Hii ni gani? Nikaona hiyo darasa ni yao, si yangu. Nikamwambia Mzee wangu azime zote. Sasa mtu akitaka kitu lazima aniambie na maneno."

"Hawakutoroka?"

"Walitoroka! Wakabaki watatu. Wale wengine walirudi pole pole. Huko kwa simu zao mashine inataka waiongeleshe, na hawajui kuuliza kitu vizuri. Hapa wanajua."

Nikavaa waya masikioni, nikaanza. Kazi hii hunilipa mshahara, lakini kioo kikiwa cheusi nilipotea mara moja. Sauti ya bati ilinisomea vitu kwa kasi, nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Madam alikuwa nyuma yangu kabla sijamwita.

"Uko wapi saa hii?"

"Sijui, Madam."

"Basi uliza yenyewe uko wapi. Mbona unakimbia?" Mkono wake ukatua begani kwangu, mwepesi na wa moto, na nikasikia machozi yananijia, ya furaha, sitakataa. Akayasikia. "Usimwagie kibodi yangu maji," akasema, darasa likacheka.

Wakati huo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke wa makamo, muuza mbegu wa sokoni, aliyekuja siku yake ya kwanza. Alisalimu, akaelekezwa kiti, akavalishwa waya na jirani yake. Akaketi wima mikono magotini, akikitazama kile kioo cheusi, akingoja. Alingoja kwa muda. Kisha akapaza sauti, amefadhaika:

"Mwalimu! Mimi sioni kitu!"

Vidole vyote vikasimama. Mume wa Madam, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, hakusogea. Yule mama akageuka, akamwona Madam vizuri kwa mara ya kwanza, akaziba mdomo kwa kiganja.

Madam alikuwa ameelekeza uso kule sauti ilikotoka, na uso wote ulikuwa unacheka.

"Karibu, mama," akasema. "Hata mimi. Sasa andika jina lako, tukusikie."